Tende ya Bi Nomsa

Salha alianza kulia jua likiwa limeshafika dirishani, na Mayasa, aliyekuwa anakoroga uji, hakushtuka, maana kazi ya mtoto mchanga ni kulia. Kilichomshtua ni kwamba mtoto hakuvuta pumzi. Kilio kilitoka, kikapanda, kikabaki huko juu, chembamba, safi, bila kukwaruza wala kutetemeka, uji ukaungua na kilio bado kipo, na kilipoisha hakikukatika, kilishushwa taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha thamani. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka bluu. Chumba kizima kilinuka asumini.

Na ilikuwa Juni. Johannesburg mwezi wa Juni majani yamekauka, ngozi inapasuka kwa baridi, hiyo asumini itoke wapi?

Upande wa pili wa ukuta mwenye nyumba alikuwa anacheka, peke yake, kwa sauti iliyokwaruza.

Mwenye nyumba ni Bi Nomsa. Ukiuliza mtaa wote wa Bellevue, yule mama wa opera, hata watoto wa spaza, viduka vya uani, watakuonyesha geti. Baba yake alikuwa mpigania uhuru wa huku aliyekimbilia Tanzania, mama yake mtu wa Tanga, na wakimbizi waliporuhusiwa kurudi naye akaletwa, binti wa shule. Walimu wakamsikia kwenye kwaya, wakampeleka kusomea uimbaji, akawa soprano, ile sauti ya juu kabisa ya kike inayojaza ukumbi mzima bila kipaza sauti. Berlin kaimba. Vienna kaimba. Picha zimejaa ukutani, magauni yanaburuzika, watu wamesimama wanapiga makofi. Mayasa hakujua neno hata moja la Kitaliano, lakini Bi Nomsa akianza mazoezi asubuhi, Mayasa huacha kufua, akasimama hivyo hivyo na povu mikononi. Mume Bi Nomsa hakuwa naye, mtoto hakuwa naye, na hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa.

Basi Mayasa alipojifungua, mama yake akapiga simu kutoka Tanga, tafuteni mtu mwema amtafunie mtoto tende ampake kaakaani, maana mtoto humfuata aliyemtafunia. Seif, mumewe, alitaka imamu. Mayasa alimtaka Bi Nomsa. Mtoto wa wageni katika mji huu anahitaji kitu cha kumfungulia milango, na nani asingependa mwanawe apate sauti ile? Wewe ungekataa?

Bi Nomsa alikataa.

"Kinywa changu si cha kutafunia mtoto, mwanangu. Mpelekeeni mwingine."

"Bi Nomsa, usijidharau."

"Sijidharau. Nakukataza."

Lakini kwao Mayasa, mtu mkubwa hakubali neno la kwanza. Hukataa ili abembelezwe, kama mgeni anayesema ameshiba huku anatazama sahani, na asiyebembeleza ndiye asiye na adabu. Kwa hiyo Mayasa akabembeleza. Akapiga magoti, akaomba kwa jina la marehemu mama yake Bi Nomsa. Bi Nomsa akaitazama ile tende, akaitazama, kisha akaitafuna huku machozi yanamtoka, na Mayasa akafurahi, akadhani ni machozi ya heshima.

Tangu siku ile mazoezi yakakoma. Bi Nomsa akapata mafua, akawa anakohoa, anacheka, anakula aiskrimu katikati ya baridi kama mtoto aliyefunga shule. Nyumba ikawa kimya, hadi Salha alipoanza.

"Mama Salha, huyu mtoto ana mapafu ya mpiga tarumbeta," Seif alitania siku ya kwanza. Ya pili hakutania. Kilio kilikuja saa ya mazoezi, saa ile ile ya Bi Nomsa, na kila kilipokuja kilikaa zaidi, na Seif akamchukua mtoto amwadhinie sikioni, akafungua kinywa na sauti haikutoka, pumzi tu, kama mlango unaofunguliwa kwenye nyumba isiyo na watu, naye Mayasa akajaribu bismillahi na yake ikatoka imekauka, nusu, na glasi kwenye rafu zikaanza kuimba zenyewe, taratibu, na asumini ikawa nzito mpaka ikawa kama inalika, na huku mtoto amelegea mikononi, macho wazi, anamtazama mama yake kwa utulivu ambao hakuna mtoto mchanga anao, midomo bluu, kisha zambarau, na kile kilio kinapanda tu.

Kilipoisha, Mayasa alimbeba hivyo hivyo, miguu mitupu, mpaka sebuleni kwa Bi Nomsa. Akakuta masanduku mawili mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Kwa watu," Bi Nomsa alinong'ona. "Kusikia watu wakiongea na mimi. Nilipokuwa naye, huyu mwenye sauti, kila niliyempenda alikauka koo. Mama yangu alikufa bubu, Mayasa. Unadhani kwa nini sikuolewa?"

"Mchukue. Nakuomba, rudisha chako."

"Mimi nilitafuniwa na bibi yangu. Sikuomba. Wewe uliomba, nikakukataza, ukapiga magoti." Alimgusa mtoto shavuni. "Koo lake dogo. Halitamweza. Nisamehe, mwanangu, siwezi kurudi mule."

Teksi ikapiga honi nje. Akaondoka.

Wakampeleka mtoto Turffontein, kwa Mzee Shehe, Mtanzania mwenye kusoma na kuagua, anayekaa mtaa wa nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Mzee akachoma ubani, akasoma, akauliza jini ni nani na anataka nini. Salha, mtoto asiyeweza hata kushika kichwa chake, akageuza shingo, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke mzima, tamu sana.

"Mimi sikuvamia. Niliombwa."

Mzee Shehe akafunga kitabu.

"Huyu kisomo hakimtoi," alisema chini chini. "Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Aliingia kwa tende, atatoka kwa tende, lakini atataka kinywa kingine."

"Changu," Seif alisema, na hata hilo lilikuwa la kusoma midomo.

"Anapanda kwa wanawake tu, baba."

Nje magari yaliunguruma kwenye robot, taa za barabarani, kama siku yoyote. Salha akaanza tena. Mayasa hakungoja kuambiwa. Akachukua tende kwenye sahani ya mzee, akaipitisha kaakaani kwa mwanawe, polepole, kile kilio kikamtetemesha vidole hadi mifupani, kisha akaitia kinywani mwake akatafuna, akameza na kokwa.

Kimya. Halafu Salha akakohoa, akalia, kilio kibaya cha mbuzi, chenye kamasi na kwikwi, na Seif akaketi sakafuni akalia naye, na sauti yake ilikuwa imerudi.

"Mama Salha," alisema. "Sema kitu."

Mayasa akatikisa kichwa. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na katikati ya vidole ilikuwa inavuja asumini.

Hajasema neno tangu hapo. Huandika kwenye simu. Anajua kuwa akifungua mdomo dunia nzima itasimama impigie makofi, anahisi sauti imejikunja kooni, inasukuma, hasa asubuhi, na anajua koo litakalokauka la kwanza ni la nani. Watu wa Bellevue wanamwita mama bubu, wanamwonea huruma. Salha sasa anatembea, anapayuka Kiingereza na Kizulu kutwa nzima, anaimba vibaya sana, na Mayasa humsikiliza kama watu walivyomsikiliza Bi Nomsa.

Tende haiingii nyumbani kwao. Hata Ramadhani. Mtoto hajawahi kuiona, wala hajaambiwa.

Juma lililopita Mayasa alikuwa anafua uani. Salha akaja akikimbia, ngumi imefungwa, akapanda mapajani mwake, akafungua kiganja. Tende moja, laini, ina joto la mkono.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili ambacho huwa hakitaki. "Nitafunie."