Antena Iliyotazama Kaskazini

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza redio. Komeo limeshuka, feni imekufa, na wanaume wanne wanatokwa jasho juu ya ramani iliyochorwa nyuma ya kalenda.

"Ghala la simu," alisema Msumeno, bosi wao. "Saa nane kamili walinzi wanabadilishana zamu. Kitasa anafungua, mimi nabeba, Usukani anangoja na gari. Dakika kumi na mbili, tumepotea. Fundi anabaki hapa. Yeye ndiye masikio."

Kitasa alikuwa mdogo wake Fundi, baba mmoja, mama mmoja. Hakuna kufuli lililokuwa limemshinda bado. Kazi ya Fundi ilikuwa kusikiliza. Polisi walikuwa kaskazini, kilomita arobaini, wanaongea kwenye masafa ya VHF. Kampuni inayolinda ghala ilikuwa kusini, nyuma ya kilima, kwenye masafa mengine, UHF. Fundi akisema "tokeni", watu wanatoka, hakuna cha kuuliza.

Wiki nzima antena mbili zilikuwa zimelala sakafuni. Moja fimbo nyeupe, ndefu, inayosikia pande zote lakini si mbali sana. Ya pili imekaa kama mifupa ya samaki. Hiyo inashika VHF na UHF, inasikia mbali ajabu, ila upande inaoutazama tu. Fundi alipandisha ya mifupa paani, akaielekeza kaskazini, akashuka kifua mbele.

"Kaka," Kitasa aliuliza, "na walinzi je? Si wako mgongoni kwa antena?"

"Wale wako karibu. Wataingia tu."

"Si ungeweka ile fimbo?"

"We dogo, tangu lini ukajua mawimbi? Kashike makufuli yako huko!"

Wakacheka. Kitasa naye akacheka, macho chini. "Haya bwana, yaishe. Kuuliza si ujinga."

Saa 7:45 mchana.

Fundi peke yake, vipokea sauti masikioni. Polisi walisikika utadhani wamekaa naye mezani. Mmoja alikuwa na kikohozi. Kwa walinzi, kimya.

Akatazama saa. Juzi alipita nje ya ghala na redio ya mkononi, akawasikia wakiitana kila robo saa: "Lango?" "Salama." Robo imefika. Imepita. Hakuna lango, hakuna salama.

Walinzi hawakuwa wamenyamaza. Yeye ndiye alikuwa kiziwi, na mdogo wake alimwambia tangu asubuhi.

Saa 7:53.

Simu. "Vipi hewani?" Msumeno.

"Polisi shwari."

"Na walinzi?"

Neno lilikuwa moja tu: sijui. Lakini nyuma ya Msumeno alimsikia Kitasa akipiga mluzi taratibu, kama afanyavyo siku zote kabla ya kufungua kitu. Fundi akaiona midomo yote ya asubuhi, safari hii ikimcheka yeye. Akaona haya.

"Nimewasikia," alisema. "Wamelala hao. Ingieni."

Akakata simu, akanyakua spana, akapanda paani mbio. Ataigeuza antena, atawasikia, wala hakuna atakayejua. Ndivyo alivyojidanganya, mtu mzima na ndevu zake.

Saa 8:02.

Nati ilikuwa imekaza. Alikuwa ameikaza mwenyewe, kwa nguvu zote, wenzake wanamtazama. Spana ikateleza, ikamchuna vidole. Akaivuta tena huku akitukana. Ikalegea. Mifupa ikageuka kusini.

Saa 8:09.

Alishuka mbio, akavaa vipokea sauti. UHF ikafunguka, safi, bila hata mkwaruzo.

"...gari la pili lizibe mlango wa nyuma. Wako ndani."

Akampigia Msumeno. Inaita tu. Akampigia Usukani.

"Fundi!" Usukani alikuwa anahema, injini inanguruma. "Wametuvamia! Msumeno yuko na mimi, kapigwa risasi ya bega. Ulisema wamelala!"

"Kitasa yuko wapi?"

"Alikuwa ndani kwenye mlango wa pili. Tulimwita akasema tusiogope, kaka yake anasikiliza."

Simu ikakatika.

Fundi hakukimbia. Alikaa kitini, damu ya vidole inachuruzika kwenye meza, akaongeza sauti ya redio kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya.

"Tumeshika mmoja," mlinzi alisema. "Kijana. Kavunjika mguu."

"Muulize nani kawaonyesha njia," mkubwa wake aliagiza. "Wamejua saa ya zamu. Nani alikuwa anatusikiliza?"

Kishindo. Mtu akaguna. Fundi aliijua ile sauti tangu ilipokuwa ya mtoto mchanga.

"Anasema yuko peke yake."

"Ana ndugu hapa mjini? Kaka, dada?"

Fundi alishika meza kwa mikono miwili.

"Nimemuuliza mara tatu, afande. Anasema hana ndugu."