Kamba ya Kusimamisha Mashine

Feni zilizounganishwa katika chumba cha Mama Radi zilikuwa zikirudi kiwandani kila mara. "Zinatikisika," wenye maduka walilalamika. Msimamizi huyo, aliyepewa jina hilo kwa ukali wake, akazidi kufoka.

Mkurugenzi hakumung'unya maneno. "Mzigo huu ukirudi tena, chumba chako nakifunga."

Mama Radi aliingiwa na hofu. Wifi yake pia alifanya kazi humo, na nyumba nzima iliwategemea wao wawili.

Ndipo meneja mpya, Mjapani, akafunga kamba juu ya meza za kazi. "Ukiona kasoro, vuta. Mashine zote zitasimama."

"Zisimame?" Mama Radi aling'aka. "Kazi itaisha lini?"

"Kasoro tukiitengeneza hapa, haitufuati kutoka dukani."

Kutwa nzima hakuna aliyeigusa kamba.

Jioni, wakimenya viazi jikoni, wifi alisema, "Leo nimeona skrubu imelegea. Nikanyamaza."

"Mbona hukuvuta kamba?"

"Ili unifokee mbele za watu? Thubutu!"

Mama Radi aliona haya. Kumbe watu walificha kasoro kwa kumwogopa yeye!

Asubuhi aliwaambia wote, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jamani, vuteni. Sifoki mtu."

Haukupita muda, wifi akavuta. Mashine zikanyamaza. Watu wakasubiri radi ipige.

"Ahsante, wifi," alisema Mama Radi. "Haya, tuone."

Meneja akaja kuuliza palepale mezani. "Kwa nini skrubu imelegea?"

"Bisibisi inateleza," wifi alijibu.

"Kwa nini inateleza?"

"Ncha imelika."

"Kwa nini haikubadilishwa?"

Mama Radi akajibu mwenyewe. "Aliyeomba nyingine nilimfukuza kama kuku."

Meneja hakumlaumu. "Sasa tumefika kwenye mzizi," alisema, akaagiza bisibisi mpya.

Mzigo ulikwenda madukani. Haikurudi hata feni moja! Mkurugenzi akaja mwenyewe. "Chumba hiki hakifungwi. Tunakipanua!"

Vigelegele vikapasua paa. Wifi akamkumbatia Mama Radi, wote wawili wakalia kwa furaha. Kazi ikaanza tena, na mkurugenzi akiwa bado mlangoni, fundi mmoja akavuta kamba. Mashine zikasimama.

Mkurugenzi akakunja uso. "Nani huyo anachelewesha kazi?"

"Taratibu, bosi," alisema Mama Radi, akitembea kuelekea kwa yule fundi. "Humu ndani, kwanza tunashukuru."