Aliyeziba Tuta

Wakata matete walidhani amelala.

Mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye matete, ndani kabisa ya hifadhi. Mlinzi Wabdan alilala chali ndani yake, uso umefunikwa kwa kilemba chake mwenyewe. Wanawake wakamtania kwamba serikali haimlipi mshahara wa usingizi. Yule wa mbele akainua kilemba, na mayowe yake yakawarusha bata maji wote wa upande ule.

Inspekta Rahi Mutashar alifika saa nne asubuhi. Upondo aliushika mwenyewe, kwani Koplo Thamir alikuwa mtu wa mjini na tayari alikuwa amewagongesha kwenye matete mara mbili. Rahi alizaliwa katika kinamasi hiki. Aliondoka akiwa mtoto, mwaka ule maji yalipokaushwa na watu wakatawanyika hadi pembezoni mwa Basra, akarudi mtu mzima na cheo begani.

Akapiga magoti kando ya maiti.

"Jeraha nyuma ya sikio la kulia," alisema, na koplo akaandika. "Si kubwa. Halikumuua. Tazama povu puani. Huyu amekufa maji."

"Afe maji ndani ya mtumbwi, afande?"

"Alitolewa majini. Shingo imeanza kukakamaa, kwa hiyo ni tangu alfajiri."

Vidole gumba vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa uzi wa sufu. Taya lilikuwa limekazwa kwa utepe wa kitambaa cheusi. Macho yalikuwa yamefumbwa vizuri. Kwenye visigino kulikuwa na udongo mzito wa rangi ya samawati, ilhali tope la pale lilikuwa jeusi kama masizi.

"Muuaji gani huyu anayemtengeneza maiti wake?" Thamir aliuliza.

Maiti ilipelekwa kwa daktari wa uchunguzi, naye Rahi akageuza mtumbwi kuelekea kwa Dakhil.

Dakhil alivua samaki kwa umeme wa betri, jambo lililopigwa marufuku. Wiki iliyopita Wabdan alimnyang'anya mtambo wake mbele ya watu, na Dakhil akaapa kwamba atamlisha samaki.

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Gatini, afande. Nilikuwa nanunua barafu. Muulize mwenye barafu, tuligombana mpaka watu wakatuamua."

"Uliapa utamuua."

"Niliapa. Mimi na mdomo wangu!" Dakhil alivua kofia, akaikunja mikononi. "Amelazwaje?"

"Chali. Kafunikwa uso."

"Basi unanipotezea wakati. Mimi ningemwacha nguruwe mwitu wamle. Aliyemfanyia hivyo anampenda."

Thamir alimpigia simu mwenye barafu. Ugomvi ulikuwapo, na mashahidi saba.

Udongo wa samawati ulipatikana mahali pamoja tu: kwenye tuta lililozuia maji ya ziwa la ndani. Nje ya tuta, kiangazi hicho, maji yalikuwa yameshuka na kuwa machungu kwa chumvi. Ndani yalibaki matamu, yakitunzwa kwa ajili ya ndege na samaki wanaotaga. Amri ilikuwa moja: tuta lisiguswe. Na Wabdan ndiye aliyelilinda.

Walipiga upondo saa nzima, matete yakiwa marefu kuliko nyumba, mtumbwi ukipita kwenye vichochoro vyembamba vya maji. Sehemu nyingine upondo uligusa tope lililokauka, wakashuka na kuusukuma.

Tutani Rahi alisimama kwa muda mrefu. Palikuwa pamekatwa, upana wa mtu kulala. Kisha pakazibwa. Matete mabichi yalikuwa yameshindiliwa na udongo kupigwapigwa kwa viganja. Alama za vidole zilionekana bado. Chini yake lilielea pande la upondo uliovunjika.

"Ajabu," alisema koplo. "Mtu akate tuta, amuue mlinzi, halafu alizibe tena?"

Rahi aliweka kiganja chake juu ya alama ile. Kiganja kilichoziba kilikuwa kidogo.

Karibu na tuta palikuwa na nyumba moja tu, ya Khazna, dada mkubwa wa marehemu. Mama yao alifariki mwaka ule wa kukaushwa maji, Wabdan akiwa mchanga wa siku tisa. Khazna alikuwa na miaka kumi na mitano. Wachumba walikuja, akawarudisha wote. Alimlea mdogo wake kwa maziwa ya nyati, na watu walimwita Umm Wabdan, yaani mama yake Wabdan, hata kabla kijana hajapata ndevu za kunyoa.

Walimkuta amesimama kizingitini. Nyati watatu, mbavu nje, walilala kivulini. Wawili wengine walikuwa wamekufa pembeni, wamefunikwa mikeka.

"Karibuni. Chai ipo," alisema.

"Dada yangu, tumekuja na habari ya Wabdan."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

Khazna akainama kuchukua birika.

"Hujauliza alikufaje."

Khazna aliangalia chini. Pindo la shela lake jeusi lilikuwa limechanwa utepe mmoja. Sepetu iliyoegemea ukutani ilikuwa na udongo wa samawati.

"Thamir, acha kuandika," Rahi alisema taratibu, akaingia na kuketi mkekani. "Keti, Umm Wabdan."

Lile jina ndilo lililomvunja. Aliketi.

"Nyati wangu walikuwa kumi na mmoja," alisema. "Mmoja mmoja wakapofuka kwa chumvi, wakaanguka. Nikamwomba, mwanangu, nifungulie maji, hata ya siku moja. Akaniambia, dada, nikikufungulia wewe nitamfungia nani? Ziwa litakwisha kabla ya mvua, na sote tutahama tena. Leo alfajiri nikaenda mwenyewe."

"Akakukuta."

"Akashuka, akasimama kwenye lile pengo. Akasema, dada, nakuomba, lizibe. Sauti ya upole. Afadhali angenitukana! Kisha akanigeuzia mgongo, akaanza kuziba mwenyewe. Nikauchukua upondo wake. Ukavunjika. Nikasikia ameanguka majini."

"Hukumtoa?"

"Alikuwa anaogelea kama fisi maji tangu ana miaka minne. Nikasema, acha maji yampoze. Nilikuwa na hasira. Nikaendelea kuchimba, nimempa mgongo. Nilikuwa nachimba, Inspekta, huku anakufa nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa kifudifudi."

Thamir alitoka nje.

"Na tuta?"

"Si aliniomba? Nikaliziba. Nilimtii alipokuwa ameshakufa." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nikaufunga mtumbwi wake nyuma ya wangu, nikampeleka mbali na nguruwe, penye kivuli, mahali ambapo wanawake hupita wapate kumwona."

Rahi alisoma maneno ya sheria. Khazna alikubali kila kitu, akatia dole gumba kwenye maelezo. Aliomba jambo moja tu, awakamue nyati kwanza, maana maziwa yakikaa huwauma. Wakamsubiri. Yalitoka kikombe kimoja.

Alipoingia mtumbwini hakufungwa pingu. Akaketi mbele, mikono mapajani.

"Nani atamwosha?" aliuliza, walipokwisha kuondoka.

"Wanaume wa ukoo. Ndiyo desturi."

Akatikisa kichwa polepole.

"Nani atawaambia," alisema, "kwamba maji yasiwe baridi? Mara ya kwanza nilimwosha mimi."

Rahi akachoma upondo topeni, akasukuma.