Nati Iliyogoma

Gari jeusi lilikwama juu ya tuta kwenye lango la soko kuu. Tumbo lilikuwa limelala juu ya saruji, magurudumu ya mbele yakizunguka bure. Foleni nyuma yake ilishafika barabarani, na kila dereva alikuwa na ushauri wake na tusi lake.

Mwenye gari alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mtaani walimwita Suti, maana alikuwa fundi cherehani wa suti za wanaume, na hata siku ya kununua vitunguu alivaa kama anakwenda kuposa.

"Kanyaga mafuta!" mmoja alipaza sauti.

"Akikanyaga atachana tumbo la gari," sauti ya kike ilijibu. "Kaka, shuka. Uzito wako ndio unaoligandisha."

Aliyesema alikuwa ndani ya ovaroli ya bluu, kilemba cha njano kichwani, mikono myeusi kwa grisi. Alikuwa fundi wa gereji ya mjomba wake, na wenzake walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika akiwa kazini. Suti alishuka. Chiriku akainama dirishani, akashika usukani kwa mkono mmoja, akawaamuru wanaume wanne wasukume. Gari likakwaruza, likavuka.

"Nani alilishusha chini hivi?" aliuliza akijifuta jasho.

"Marehemu kaka yangu." Suti alipangusa boneti. "Fundi, linaweza kupandishwa?"

"Linaweza, kama nati zitakubali."

Nati hazikukubali. Kwenye kila shokapu ya mbele kulikuwa na nati mbili za duara, pana kama vifuniko vya mitungi: ya juu inabeba springi, ya chini inaifunga ile ya juu isilegee. Ukizizungusha, gari linapanda au linashuka. Lakini kutu ilikuwa imezila, zikawa kitu kimoja na chuma zilichozungushiwa.

"Tuzikate?" Mjomba aliuliza, grenda iko mkononi tayari.

"Hapana!" Suti alidakia. Kisha akapunguza sauti. "Kaka alizifunga mwenyewe. Ni kazi ya mkono wake. Fundi, nakuomba kitu kimoja tu, usizikate. Mama yangu amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Akitoka hospitali anataka arudi nyumbani kwa gari hili hili, na daktari hataki arushwerushwe."

Chiriku alimtazama machoni. "Sikati. Nitazibembeleza."

Akazibembeleza kweli. Alizisugua kwa brashi ya waya, akazinywesha mafuta ya kutu, akaziacha zilale, kesho yake akarudia. Suti alikuwa akifunga duka mchana anakuja kuangalia, na baada ya muda hakuna aliyeamini tena kwamba anakuja kuangalia nati.

"Fundi mzima unashindwa na kutu?" alimtania, amechutama pembeni ya gurudumu, suruali ya kitambaa cha kijivu ameikunja asiichafue.

"Na wewe fundi mzima hujui kwamba nguo nzuri haziji gereji?"

"Nimevaa kwa ajili ya mtu."

"Nati hazina macho, baba."

"Nati hazina, lakini mwenye spana anayo. Tena mazuri."

Chiriku alicheka, spana ikamponyoka. Walianza kupigiana simu. Akimpigia, Suti alisema, "Laazizi, wagonjwa wetu wanaendeleaje?" na yeye alijibu, "Mmoja ana kiburi kama wewe, mwingine anaanza kulegea kama mimi." Moyo wake ulishatulia kwa yule kijana, na alijua.

Kisha Chiriku akatumwa mjini kutafuta bolti. Aliporudi, alikuta cheche zinaruka. Mjomba alikuwa amepiga magoti chini ya gari na grenda.

"Mjomba! Acha!"

"Gari limekalia nafasi wiki nzima," Mjomba alisema akizima mashine. "Nati moja tu, tena nusu."

Nati ya juu ya upande wa kulia ilikuwa na mchano mrefu, unang'aa. Chiriku alipogeuka, Suti alikuwa amesimama mlangoni.

Aliutazama ule mchano. Aliitazama grenda sakafuni, karibu na miguu ya Chiriku.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," alisema taratibu.

Chiriku alifungua mdomo. Mjomba alikuwa amegeukia ukutani, anajifanya anapanga spana. Huyu ndiye aliyemlea Chiriku baada ya mama yake kufariki, akamfundisha kazi wakati wengine walicheka kwamba msichana hawezi. Atamwumbuaje mbele ya mteja? Kwa mara ya kwanza katika gereji ile, Chiriku alikosa neno.

"Hata kunijibu huwezi?"

"Usiliendeshe," alisema hatimaye. "Nati hiyo imepoteza nguvu. Niachie niirekebishe."

"Umesharekebisha vya kutosha. Fungeni gurudumu."

Akaondoka nalo. Chiriku alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Aliandika ujumbe: *Nichukie, lakini usimpandishe mama kwenye gari hilo.* Haukusomwa. Siku zilizofuata gereji ilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa, na Mjomba alikuwa akikwepa macho yake.

Simu ililia asubuhi moja akiwa chini ya lori. Alipoona jina, alipokea papo hapo.

"Chiriku." Sauti ya Suti ilikuwa imekauka. "Kitu kimepasuka mbele. Gari limelala upande. Tuko katikati ya mzunguko wa hospitali. Mama yuko nyuma, hawezi kushuka."

"Umezima injini?"

"Ndiyo."

"Vuta breki ya mkono, washa taa za hatari. Usiguse usukani. Nakuja."

Alipogeuka, Mjomba alikuwa tayari ameshika jeki na magogo mawili. "Twende," alisema. "Mimi ndiye nitakayeendesha."

Mzunguko ulikuwa umefungamana. Malori yalipita karibu kiasi kwamba gari lilitikisika, na kila likitikisika, mama aliyelala kiti cha nyuma aliuma ncha ya khanga yake. Suti alikuwa amesimama barabarani amenyoosha mikono, anayakinga magari kwa mwili wake.

Mjomba alimwendea moja kwa moja. "Kijana, nati nilikata mimi. Mpwa wangu alinikuta nikikata. Alinyamaza kwa kunistahi. Kama una ugomvi, uko na mimi."

Suti aligeuka. Alimtazama Chiriku, ambaye alishalala kifudifudi juu ya lami.

Nati ya juu ilikuwa imepasuka vipande viwili. Springi imeshuka ikakaa upande juu ya nati ya chini, na tairi lilikuwa linaisugua.

"Mama," Chiriku aliita, "nitakuinua pamoja na gari. Ukisikia maumivu, niambie niache."

"Inua, mwanangu. Nimezaa watoto wawili, siogopi jeki."

Waliinua kidogo kidogo, wakisukumia magogo chini kila hatua. Gurudumu likatoka. Ikabaki nati ya chini, ile yenye kiburi. Ikipanda, itaibeba springi mpaka nyumbani. Isipopanda, hakuna kuondoka. Chiriku aliisugua meno, akaitia mafuta, akaigonga pembeni kwa nyundo, taratibu, kuizunguka yote. Akavuta spana. Haikusogea.

"Njoo ushike hapa," alimwambia Suti. "Tunaikaza kwanza."

"Tunaikaza? Si tunataka ilegee?"

"Ikisogea upande wowote, kutu imevunjika. Sukuma na mimi. Usishtue."

Suti alipiga magoti kwenye grisi na suruali yake nzuri. Mikono minne kwenye spana moja. Lori likapita, gari likalia juu ya magogo, mama akaguna. Hawakuachia.

Nati ilitoa mlio mkali. Ikasogea unywele.

"Sasa rudisha."

Ikarudi. Ikaenda tena, ikarudi tena, unga mwekundu wa kutu ukimwagika, mpaka ikaanza kupanda yenyewe kwa nguvu ya mkono mmoja. Chiriku aliinyoosha springi juu yake, akaifunga kwa waya isicheze. Mjomba akarudisha gurudumu.

Waliondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, Suti kwenye usukani, Chiriku kiti cha mbele, sikio dirishani, na Mjomba akiwafuata kwa gari la gereji.

"Kwa nini hukuniambia?" Suti aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ulinipa nafasi? Simu zangu ulikuwa unazikata."

"Nilipouona ule mchano, ni kama kaka alikufa mara ya pili. Nikawa kipofu. Nisamehe, laazizi. Nilimpandisha mama yangu kwenye kifo kwa sababu ya hasira."

Walikuwa wakiingia kona ya nyumbani kwa kina Suti Chiriku alipomgeukia. "Nimekusamehe. Lakini tangu uondoke na gari, kila simu ikilia niliogopa ni habari mbaya."

Suti alisimamisha gari mbele ya nyumba. Hakushuka. "Basi nikuulize mbele ya mama yangu, ili asije akasema sikuuliza. Utakubali nije kwa mjomba wako kuposa?"

"Jibu upesi, mwanangu," mama alisema kutoka nyuma. "Nyonga inauma."

Chiriku aliitazama mikono yake, kisha magoti ya Suti yaliyojaa grisi.

"Siku ukikasirika, kasirika, piga hata kelele. Ila simu yangu utapokea?"

"Nitapokea."

"Basi njoo," alisema, na akashuka kwenda kumfungulia mama mkwe wake mlango.