Gurudumu la Nyuma Kushoto

Waliokuwepo asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Julai 1984, nyumbani kwa marehemu Enoka Werema, Butiama, ni hawa.

Mniko Werema, mdogo wa marehemu, umri wa miaka hamsini na miwili. Nilisoma naye. Mwaka 1944 tulichanjwa ndui siku moja shuleni, na chanjo yake ikaoza. Ikamwachia kwenye mkono wa kushoto, karibu na bega, kovu dogo lenye vishimo vitatu vilivyopangana kama mafiga. Darasa zima hakukuwa na mwingine mwenye kovu la namna ile.

Thadeo Masatu, fundi wa magari wa Kamunyonge, Musoma, aliyekuja kwa basi na sanduku lake la spana.

Bibi Dorkas, shangazi wa akina Werema, kipofu, aliyekaa mlangoni akichambua choroko kwa vidole.

Na mimi, Pastory Magori, karani wa zamani wa mahakama ya mwanzo.

Wankyo, mjane wa Enoka, hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuteka maji. Namtaja kwa sababu kilichofanyika kilifanyika kwa kuwa hakuwepo.

Pikapu ilikuwa ya Enoka. Enoka alifariki tarehe 18 Juni, akazikwa tarehe 19, na tarehe 20 asubuhi Mniko akachukua ufunguo chini ya mto wa kitanda, mjane akiwa amekaa pale pale. Alitaka gari libebe dagaa kutoka Mwigobero kupeleka Bunda. Lakini kila alipokanyaga breki lilivuta upande mmoja kama ng'ombe asiyetaka jembe, na mara mbili lilikuwa limemtupa mtaroni.

Thadeo hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka jeki, akafungua gurudumu la nyuma kushoto, akalitoa dramu. Breki shuu, vile vipande viwili vinavyobana dramu ili gari lisimame, vilikuwa vimelowa. Alipaka ule unyevu kwenye kidole, akanusa, kisha akaomba kikombe cha maji na kudondosha tone ndani yake. Tone likaelea.

Alitueleza kwamba mafuta ya breki huyeyuka kwenye maji. Yanayoelea ni ya difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu. Yanatembea na ekseli mpaka mwisho, na sili, ile pete ya kuyazuia pale, imekwisha.

Mniko alimwambia aweke nyingine.

"Nyingine ipo wapi, tajiri?" Thadeo alisema. "Mwanza kwenyewe hakuna."

Ilikuwa kweli. Serikali ilikuwa imetangaza mwezi uliopita kwamba mwenye fedha zake za nje aagize bidhaa, lakini tangazo lilifika Mara kabla ya bidhaa. Miaka ile mafundi wetu walijifunza kukata sili za ngozi. Hutafutwa ngozi ya dume, kavu, sehemu ya bega ambako ni nene. Hukatwa duara, hutobolewa katikati, huchovywa kwenye mafuta ya moto na kuingizwa ikiwa bado laini. Hudumu miezi.

Mniko alizungusha macho uani. Juu ya ua wa zizi ilikuwa imeanikwa ngozi ya dume.

Lilikuwa dume lililochinjwa siku ya maziko. Katika mji ule mjane hulalia ngozi hiyo siku arobaini, huianika kila asubuhi, na siku ya arobaini, akishanyolewa nywele, ngozi hukunjwa na kuzikwa zizini ikiwa nzima. Isipokuwa nzima, marehemu haondoki. Hubaki akitafuta kipande. Thadeo ni mtu wa ziwani, hakuyajua hayo. Mniko aliyajua. Mimi niliyajua.

Mniko aliishusha akaniambia nishike upande mmoja ili ivutike vizuri. Nikashika.

Kisu kilipoingia, Bibi Dorkas aliacha kuchambua.

"Mnakata nini?"

Mniko alinitazama mimi. Nilisema, "Mpira wa tairi, Bibi."

Alirudi kwenye choroko zake, lakini niliona vidole vyake vikiokota hewa.

Wankyo alirudi tukiwa tunashusha jeki. Alitua ndoo, akaitazama ngozi, akaikunjua. Begani palikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita. Hakulia. Alipitisha mkono tunduni, akauacha upande wa pili kwa muda, kama anayesubiri kushikwa.

"Shemeji," alisema, "nirudishie kipande changu kabla ya tarehe 28."

Mniko alicheka. "Shona kiraka cha mbuzi. Enoka hakuwa na macho ya kujua ng'ombe na mbuzi, ndiyo maana alikuoa wewe."

"Mimi sirogi," Wankyo alisema. "Nadai ngozi tu. Ukiniletea nitashona mwenyewe."

Alhamisi ya tarehe 12 nilipanda gari hilo kwenda Bunda. Breki zilishika vizuri na mafuta hayakuvuja. Tulipopita Kiabakari ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Tulisimama. Mniko alimwaga maji kwenye gurudumu la nyuma kushoto, yakachemka na kuruka. Magurudumu mengine matatu yalikuwa baridi. Alijikuna begani kushoto, juu ya shati, na aliporudisha mkono kwenye usukani nikaona kucha zake zina damu.

Kwa siku nane gari lilikwenda hivyo. Likiwa na mzigo liliburuta, likiwa tupu liliburuta. Mniko alilegeza breki mpaka mwisho na bado gurudumu lilishika. Wankyo alimfuata mara mbili kumkumbusha tarehe. Mara ya pili Mniko alimfungia mlango.

Ijumaa, tarehe 20, tulilipeleka kwa Thadeo, Kamunyonge. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, watu wakipita barabarani na ndoo zao.

Thadeo aliinua nyuma yote, akalisukuma gurudumu kwa mkono. Likazunguka vizuri, jepesi, likaendelea lenyewe. Aliniambia niingie niketi mahali pa dereva nisiguse kitu. Likazunguka. Akaingia yeye, nami nikalisukuma. Likazunguka.

Akaingia Mniko.

Gurudumu lilisimama. Halikupunguza mwendo. Lilisimama tu.

Thadeo alimwambia atoe mguu kwenye breki. Mniko alikuwa ameikunja miguu yote juu ya kiti. Akamwambia ashuke. Aliposhuka, gurudumu likaanza kuzunguka tena, taratibu, bila kuguswa, kinyumenyume.

Fundi mzuri haamini jambo kabla hajalijaribu. Alisema huenda ni uzito. Tukapakia mahali pa dereva magunia ya dagaa mpaka yakapita uzito wa Mniko. Gurudumu lilizunguka. Tukayashusha, Mniko akaingia. Likasimama. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu Thadeo hakutaka kulishika tena. Alilisukuma kwa mpini wa nyundo.

Akafungua dramu. Breki shuu zilikuwa mbali nalo, nafasi ya kupitisha shilingi. Hazikuwa zimeligusa kwa siku nyingi. Lakini ndani ya dramu, kwenye chuma chenyewe, kulikuwa na mikwaruzo minne, imekwenda sambamba, imezunguka duara lote. Thadeo aliweka vidole vyake vinne humo. Vilienea.

"Karani," aliniambia kwa sauti ya chini, "dramu huwaga linakwaruzwa na misumari ya breki. Hii si misumari." Kisha akaniuliza ile ngozi ilikuwa ya nini.

Nikamwambia. Alivitoa vidole akavifuta kwenye suruali, akaendelea kuvifuta nilipokuwa nikieleza na baada ya kumaliza.

Alimsihi Mniko aitoe sili saa ile ile, gari lilale hapo, Wankyo apate kipande chake. Mniko alisema dagaa wake wana unyevu na wataoza. Alisema atairudisha hiyo tarehe 28 yenyewe, kwa kuwa ndiyo aliyopewa.

"Umemwogopa mwanamke, fundi? Au mnaogopa ng'ombe aliyekwisha kuliwa?"

Alipanda kwenye gari. Tulisubiri tuone kama litaondoka. Liliondoka, likiburuta mguu wa kushoto. Lami ilibaki na mstari mweusi mpaka kona, na mstari ule ulinuka nyama.

Jumatano, tarehe 25, nilimkuta Mniko nyumbani kwake, hatua hamsini kutoka kwa Wankyo. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka bega hadi kiwiko, nao umevimba. Alikuwa na homa lakini alikuwa na furaha. Alisema gari limepona. Halishiki tena, halipati moto, difu haivuji hata tone. Tangu juzi usiku, alisema, tangu mkono ulipoanza kuuma vibaya.

Nilimwuliza kama ataitoa sili Jumamosi.

"Sasa imekaa vizuri," alisema. "Nitaitoaje?"

Nzi walikuwa kwenye kile kitambaa. Hakuwafukuza. Nilimwuliza kama hawamsumbui. Alisema, "Nzi gani?"

Jumamosi, tarehe 28 Julai, Thadeo alishuka kwenye basi la kwanza bila kuitwa na mtu. Hakwenda kwa Mniko. Wake za Mniko walisema mume wao hakulala na hawezi kuamka. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya zizi. Thadeo aliweka jeki, mimi nikamshikia taa ya kandili, ingawa kulikuwa kumekucha. Mikono yangu ilitaka kitu cha kushika.

Alifungua nati. Akavuta ekseli. Ilitoka polepole.

Sili ilikuwa mahali pake. Aliitoa kwa bisibisi, akaiweka kwenye kiganja, akaisogeza karibu na kandili.

Haikuwa ile. Ile tuliyoikata ilikuwa nene, nyeusi, ina manyoya ya ng'ombe upande mmoja. Hii ilikuwa nyembamba. Laini. Haikuwa na nywele. Ilikuwa na joto, na gari lilikuwa limelala pale tangu jana. Thadeo aliigeuza.

Ukingoni mwa lile duara kulikuwa na kovu. Dogo. Vishimo vitatu, vimepangana kama mafiga.

Thadeo hakujua aiweke wapi. Mwishowe aliilaza juu ya tairi la akiba, akaifunika na kofia yake, na kofia hiyo hakuichukua tena.

Nyuma yetu Wankyo alikuwa ameitoa ngozi kwa ajili ya kuikunja. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kinang'aa. Aliikunjua chini, mbele ya Bibi Dorkas, na kizee yule akaanza kuipapasa kutoka mkiani, taratibu, kama anavyopapasa choroko. Alifika begani. Akasimama.

Tulisogea. Tundu halikuwepo. Hapakuwa na uzi wala kiraka. Ngozi ilikuwa nzima, na mahali palipokuwa na tundu manyoya yalikuwa yameota yakalala upande mmoja na mengine. Kilichobaki ni duara jembamba jeusi. Thadeo alilipitishia kidole, akanusa, kwa mazoea tu. Akaomba maji, akadondosha tone.

Likaelea.

Bibi Dorkas aligeuza uso wake upande wangu, sawasawa nilipokuwa nimesimama, ingawa sikuwa nimesema neno tangu nifike.

"Mpira wa tairi, Karani?"

Wankyo hakuniangalia. Aliikunja ngozi mara nne, akaibeba kifuani mpaka zizini, na wanaume wawili wa ukoo wakaifukia kabla ya saa sita. Mimi sikuombwa kushika.

Mniko Werema alifariki siku hiyo hiyo, saa saba na robo mchana.