Daftari la Waliotazama

Rafiki yangu Lynette si mtu wa kutunga uongo. Mwaka 1994 alikuwa karani katika duka la mzee Gopal, Kisii mjini. Kila aliyeingia aliandikwa daftarini jina, anwani na alichotazama, ili waliotazama blanketi watumiwe barua za kutangaza blanketi, na waliotazama sare za shule, za kutangaza sare.

Alasiri moja mvua ilileta giza, stima zikapotea, taa zikazimika. Lynette alikuwa peke yake, mlango ameufunga. Akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

“Nani hapo? Tumefunga!”

Kalamu ikanyamaza. Akawasha kiberiti. Daftarini palikuwa na mstari mpya, wino bado mbichi. Jina halikuandikwa. Anwani: humu ndani. Alichotazama: kisogo cha Lynette.