Mashine ya Tatu ya Fundi Bisibisi

Mungu anisamehe, na yule fundi naye anisamehe, maana kosa lilianzia mikononi mwangu. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye kliniki ya masikio, nikitengeneza vile vipande laini vya mashine za kusikia vinavyoingia kwenye tundu la sikio. Kila mtu hufinyangiwa chake, kwa umbo la sikio lake. Mtu akifariki na ndugu wakairudisha mashine yake, mashine husafishwa na kupewa mtu mwingine, lakini kile kipande hutupwa. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nami nimechoka. Nilikijaribu cha marehemu kwenye sikio la fundi, kikaingia na kutulia kama kilichozaliwa humo. Nikamwachia hichohicho.

Fundi mwenyewe watu walimwita Bisibisi. Alitengeneza magari, na kipimo chake kilikuwa sikio. Anasimamisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, mpini anaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho, kisha anakwambia kilichoharibika. Miaka thelathini ya kelele ikamla masikio. Bila sikio hana gereji, na hilo alilijua kuliko daktari.

Kwanza alichagua mashine ndogo inayozama ndani, isionekane. Ikapiga mluzi kila alipoinama, na wiki haikuisha nta na grisi zikaiziba. Ya pili ilikuwa ya kisanduku cha mfukoni chenye waya. Ovaroli ikikisugua anasikia radi, na siku moja waya nusura uvutwe na mkanda wa feni. Akairudisha amefura. Mkewe, aliyemsindikiza kila safari, akamwuliza, "Baba, unachagua mashine ya sikio au unachagua mke wa pili?" Hakucheka. Ndipo nikampa ya tatu, ya kukaa nyuma ya sikio, pamoja na kile kipande.

Asubuhi ya kwanza, kabla hajaigusa injini, alisikia mtu akimwambia kwa sauti ya midomo mikavu, "Beringi." Akageuka. Hapakuwa na mtu. Alipofungua, akakuta beringi imekwisha kweli. Siku nne nzima sauti haikukosea, na fundi akaipenda. Alidhani ndio usasa wenyewe.

Siku ya tano sauti ikamfuata mezani nyumbani. Mkewe alikuwa akizungumza, na chini ya maneno yake kulikuwa na mwingine anayezungumza, taratibu, na pua ya fundi ikajaa harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Akaja kliniki mbio.

"Hii ina mtu ndani," akaninong'oneza. "Nibadilishie."

Niliisikiliza, haikuwa na kitu ila mvumo. Nikabadilisha betri. Kesho yake akarudi, nikampa nyingine mpya kabisa, na kipande kipya, kile cha marehemu nikakificha kwenye droo. Akarudi tena, akaipiga ngumi meza yangu, akilalamika kwamba anachagua na kuchagua na aliyemo ni yuleyule. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba ni yule marehemu, nikaificha siri.

Wiki hiyo mkwewe akaleta gari lililokuwa na mlio wa kugongagonga mbele. Binti wa fundi alikuwa ndani, mjamzito wa miezi minane. Fundi akaweka bisibisi, akafumba macho, na badala ya chuma akaisikia ile sauti ikisema halina kitu, mwache aende, akaisogeza bisibisi chini, akaisogeza kando, sauti ikazidi, halina kitu, mwache aende, na ile harufu ikazidi nayo mpaka ikawa kama amejazwa udongo mdomoni, na aliposikia kinywa chake kikisema, "Halina kitu, mwanangu, nendeni," alijua si yeye aliyesema.

Gari likaanza kutoka. Aliing'oa mashine sikioni, akalirukia dirisha, akachomoa ufunguo. Mkwe akadhani mzee amechanganyikiwa. Fundi akafungua gurudumu, na wote wakaona kwa macho kwamba kiungo kinacholishika kilikuwa kimebaki uzi.

Shehe aliletwa. Jambo la kwanza aliloliuliza ni kile kipande cha mashine ya tatu kilikuwa cha nani. Nikaitwa, nikaungama mbele ya mke na binti. Nikakitoa kile kipande, kikazikwa. Shehe akamsomea sikioni siku tatu, na siku ya tatu fundi akalia kwa furaha, kwani palikuwa kimya. Mashine akairudisha, akasema bora uziwi. Sasa mkewe humwandikia kwenye karatasi.

Mwezi uliopita nilipita gerejini kumsalimu. Mteja alikuwa ameleta gari, na mke wa fundi alikuwa akitafuta kalamu amwandikie mumewe shida ya gari hilo. Fundi hakuwa na kitu chochote sikioni. Nikamwona akiinua kichwa kama aliyeitwa jina, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, halafu akamwambia mteja kwa sauti ya midomo mikavu, "Halina kitu. Nenda."

Nakuomba jambo moja tu, wewe unayenisikiliza. Ukimpelekea gari naye akakwambia halina kitu, usiliendeshe. Livute hadi kwa fundi mwingine.